Aliyeomba Nafasi Kwenye Kompyuta ya Bi Zuwena

Mie si mtunzi wa hadithi. Ningekuwa na kipaji hicho ningetunga jambo la kunipa sifa, si hili linalonifanya nitie komeo mlango wa duka mchana kweupe. Haya yalinikuta mie mwenyewe, hapa hapa Tibirinzi, Pemba, na tangu siku ile usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Ukitaka kucheka, cheka. Na mie nilikuwa nacheka wakisema wengine.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Mwanamke fundi, ndiyo, na wanaume wa mtaa huu washachoka kushangaa. Ndiyo sababu Bi Zuwena aliniita mie. Alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Haroub, mwalimu wa madrasa, na yumo edani, haonani na wanaume wa mbali. Fundi wa kuingia chumbani kwake angekuwa nani mwengine?

Nilimkuta kakaa juu ya mkeka, kompyuta mapajani, kaifunika kwa kanga.

"Shikamoo Bi Zuwena. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu, nshapoa. Kitu hiki kinagoma. Kinawaka, kinazima, kinasema kimejaa. Na humu ndimo alimo mzee wangu. Wiki nzima sijamsikia."

Usidhani alikuwa kachanganyikiwa. Marehemu alikuwa akijirekodi akiwasomesha wajukuu wake watatu, kompyuta kaiweka kando ya mkeka. Kila somo alilianza kwa kuwafundisha salamu. "Asalaam alaykum," atasema, na ile "alay" ataivuta taratibu kama mtu anayemimina uji wa moto, kisha watoto waifuatishe. Aliyesoma kwake angeitambua salamu ile hata gizani. Kupigwa picha Mzee hakupenda, kwa hiyo sauti hiyo ndiyo yote iliyobaki.

Sasa nikueleze kidogo, hutapotea. Diski ya ndani ya kompyuta ile ilikuwa imegawiwa sehemu mbili, kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele, cha kuendeshea mashine, kilijaa pomoni. Cha nyuma, chenye sauti za Mzee, kilikuwa na nafasi tele. Dawa yake ni kusogeza ukuta: unakipunguza cha nyuma, nafasi inayopatikana unakipa cha mbele. Lakini ukuta ukisogezwa, na vitu vya ndani vinahamishwa, na umeme ukikatika kazi iko katikati, vyote vishakwenda na maji. Kwa hiyo fundi mwenye akili hunakili kila kitu pembeni kwanza.

"Hapana," Bi Zuwena akasema. "Sauti ya mume wangu haikai kwa watu na mie bado nimo edani. Tengeneza, lakini usiitie kwenye kitu chengine chochote."

"Bi Zuwena, umeme wetu unaujua."

"Namjua Mungu, mwanangu."

Nikabeba kompyuta nikatoka.

Nilichagua Ijumaa kwa makusudi. Wakati wa sala ya Ijumaa wanaume wote wako msikitini, maduka yamefungwa, hakuna wa kuja kunishughulisha. Umeme ulikuwa umetulia tangu asubuhi. Betri ya kompyuta ilikuwa imevimba, nikaitoa nikaiweka mezani, mashine ikawa inaishi kwa waya wa ukutani tu. Nikasema Bismillahi, nikabonyeza. Asilimia zikaanza kupanda mwendo wa kobe. Mvua ilikuwa imenyesha, njia nzima matope, na khutba naisikia kwenye kipaza sauti.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu bila kuinua macho. Mazoea tu. Salamu hakutoa, na hilo nililigundua baadaye. Mtu gani wa Pemba anapiga hodi asitoe salamu? Na mwanamume gani mzima yuko njiani khutba inasomwa?

Alivaa kanzu nyeupe, yuko peku, na miguuni hana hata tone la tope. Akasimama ubavuni mwa meza akitazama skrini. Nafasi mpya ilikuwa inaonekana katikati ya zile sehemu mbili, kipande cha kijivu. Akakielekezea kidole.

"Hapo patupu, ni pa nani?"

"Si pa mtu," nikasema, macho yako kwenye asilimia. "Hapana mwenyewe."

Lo, ulimi huu! Bibi yangu alinifunza tangu mdogo: usiseme hata siku moja kwamba mahali hapana mwenyewe. Ukienda kukata kuni msituni, ukienda kufyeka shamba jipya, unasimama kwanza unasema, "Wenyewe, tumekuja, tupisheni." Hata pori lina wenyewe. Ukisema hapana mwenyewe, anakusikia asiye na pa kukaa.

"Basi nipe mie," akasema yule mtu.

Hapo hapo umeme ukakatika. Wallahi. Feni ikasimama, friji la duka la jirani likanyamaza, khutba ikakatika katikati ya neno. Nikaitazama kompyuta nikijua ishakufa.

Haikufa! Betri iko mezani, waya hauna kitu, na skrini inawaka, asilimia zinapanda. Yule mtu alikuwa kaweka kiganja juu ya mashine.

"Nikiondoa mkono, mzee ananyamaza," akasema taratibu, bila ukali. "Na mie nataka padogo tu."

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Ungekimbia? Kompyuta ya watu nimwachie nani? Ungesoma? Mie niliyekhitimu Kurani, aya zote zilinitoka kichwani. Nilichokiona ni Bi Zuwena juu ya mkeka wake, anasubiri sauti. Nikasema, "Chukua."

Tulibaki hivyo, yeye na mkono wake, mie na dua nisizoweza kuzimaliza, mpaka skrini ikaandika kwamba kazi imekamilika. Kisha mashine ikazima. Nikainua macho, hapana mtu. Nje watu wanatoka msikitini. Pale kizingitini palikuwa na nyayo zangu za matope tu.

Umeme uliporudi nikakagua masomo yote, moja moja. Yapo, alhamdulillahi. Chumba cha mbele kimepanuka. Lakini katikati kulibaki kipande kidogo cha kijivu, na kila programu niliyoijaribu ilikataa kukiunga na upande wowote. Nikairudisha kompyuta hivyo hivyo. Bi Zuwena akasikiliza, machozi yakamtiririka, akaniombea dua ndefu. Habari za yule mtu sikumwambia.

Alipotoka eda aliniita. "Mwanangu, wajukuu zangu ni watatu. Huyu wa nne nani?"

Akafungua somo. Mzee akatoa salamu, watoto wakaifuatisha, na nyuma yao, ikichelewa, sauti nzito ya mtu mzima nayo ikajaribu. Ulimi ukamteleza. Sauti ile niliijua, ni ya yule aliyeniomba nafasi.

"Mwanzo hata kutamka ilikuwa hawezi," Bi Zuwena akasema. "Kila nikifungua, yuko mbele kidogo."

Nikamweleza yote, nalia. Safari hii aliniruhusu kunakili, nikanakili, na kwenye nakala pia alikuwemo. Nikamwambia njia ya kumtoa ni moja, kufuta kila kitu, na Mzee akiwemo. Bi Zuwena akaifunika kompyuta kwa kanga yake.

"Mume wangu hakumfukuza mwanafunzi hata mmoja," akasema. "Mwache asome."

Yeye katulia. Mie je? Nilikuwa najifariji kwa jambo moja: yule hajui kutoa salamu. Basi asiyetoa salamu simkaribishi, yamekwisha.

Ijumaa iliyopita nilikuwa dukani, wanaume wako msikitini, komeo nimetia. Duka langu lina chumba cha nyuma, mpangaji kahama, kitupu. Mlango ukagongwa.

"Asalaam alaykum."

Ile "alay" ikavutwa taratibu, sawasawa na Mzee Haroub. Salamu haiachwi bila jibu, nikaitikia. Akauliza kwa adabu kabisa:

"Na hicho chumba cha nyuma, ni cha nani?"

"Kina mwenyewe!" nikapiga ukelele. "Kina mwenyewe! Kina mwenyewe!"

Hakugonga tena. Nilipopata nguvu nikafungua mlango, nikakimbia moja kwa moja mpaka kwa Bi Zuwena, nikamwomba afungue somo, lolote. Mzee akatoa salamu. Wakajibu watatu tu.

"Kakhitimu," Bi Zuwena akasema, uso umejaa furaha kama mama wa mtoto. "Sijui sasa kaenda kukaa wapi."

Basi wewe unayenisikiliza, nakuomba. Kama una chumba kitupu, au kiwanja, au hata kipande cha diski ulichokipunguza hujakipa kazi, mtu akija na salamu nzuri, mjibu. Lakini akikuuliza hapo ni pa nani, usiwe na haraka kama mie. Sema pana mwenyewe. Kwangu kashakosa, na bado anatafuta.