Walinunua Mashine, Kifua Wakakikataa

Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Mwanza tangu ujana wake mpaka serikali ilipokiuza. Kazi yake ilikuwa kubandua asbesto, zile nyuzi za kuzuia joto, iliyochakaa kwenye mabomba ya mvuke na kufunga mpya. Alirudi nyumbani Buzuruga mweupe kama aliyelala kwenye mashine ya unga, na ovaroli lake nililikung'uta mwenyewe uani kabla ya kulifua. Hakuna aliyetuambia vumbi lile linaua. Waliojua walikaa ghorofani, madirisha wamefunga.

Mnunuzi alipokuja, wafanyakazi walipangwa uwanjani. Wakaambiwa mwenye ugonjwa asogee kando, wazima watafikiriwa kazi. Nani angesogea? Miaka ile watu walikuwa wanapunguzwa kazini kama miche ya mtama. Wanaume walitafuna tangawizi tangu alfajiri ili wasikohoe. Ya mzee wangu niliiponda mimi, na leo ningeiponda tena, maana watoto walikuwa wanasoma. Akasimama amebana pumzi, akasema yeye ni mzima. Kazi akapewa. Kabla mvua hazijaisha, kifua kikamwangusha.

Wakampa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, akabaki vilevile. Daktari wa hospitali kubwa ndiye wa kwanza kumwuliza alikuwa anafanya kazi gani. Akampiga picha, akaandika kwamba mapafu yameharibiwa na vumbi la asbesto. Afisa kazi akatueleza kuwa ugonjwa wa kazini una fidia, sawa na mkono uliokatwa na mashine. Tumdai mwajiri, akikataa, tutafute wakili twende mahakamani. Na mgonjwa akifa, wategemezi wake wanaendelea na madai.

Tukaenda kwa meneja mpya. Shikamoo alinipa, nikaipokea. Kisha akasema mabomba yale yalikuwa ya serikali, na tena mzee alitamka mwenyewe mbele ya watu kwamba ni mzima.

"Mama yangu, sisi tulinunua mashine. Hatukununua vifua."

"Sasa mbona mlivikagua?" nikamwuliza.

Mzee akataka kucheka, kikohozi kikamshika. Alikohoa palepale juu ya zulia lao, siku hiyo bila tangawizi. Meneja akatazama saa yake.

Alifariki kabla hatujafungua shauri. Gari la kiwanda likaja msibani na jeneza, mchele na sukari, na meneja akiwa na maneno matamu. Mashemeji zangu wakaanza kushusha magunia. Nikatoka ndani, nikawaambia warudishe kila kitu garini.

"Shemeji, kiburi chako kitamzika ndugu yetu kwenye mkeka," akasema mkubwa wao.

Nikamjibu kwamba rambirambi analeta jirani, mtu asiyedaiwa na marehemu. Hawa wangekwenda kumwambia hakimu kuwa walishatusaidia, tunataka nini tena. Gari likaondoka na jeneza lake. Majirani wakachanga mbao, fundi wa mtaani akapiga misumari, na mzee wangu akazikwa kwa heshima yake.

Matanga yalipokwisha nikaenda kwa wakili. Akaniuliza namshtaki nani, serikali iliyouza au mwenye mali mpya. Nikamwambia wote wawili. Siku zote kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Basi wakanyoosheane mbele ya hakimu, na mimi nitakuwa nimekaa pale nawatazama.