King'ora cha Bi Mayasa

Bi Mayasa alihamia ghorofa letu la wahamiaji, mtaa wa Bertrams, mwaka 2015, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshatugawa. Wewe utambeba huyu, wewe utamshika mkono yule. Tukamwuliza, tunabebana kwenda wapi? "Nje," akajibu, akaendelea kumenya vitunguu.

Kwao ni Tanga, lakini ukubwani aliishi miaka mingi nchi hii hii, karibu na Cape Town, mtaa ambao ukifungua dirisha unaona kituo cha umeme wa nyuklia. Kituo kile kiliwapa watu wa pale kazi, barabara na taa, kikawapa na hofu ambayo hawakuiomba. Kila mwaka waliletewa kalenda ya bure mlangoni, yenye siku ya kujaribu king'ora na njia ya kukimbilia. Wenyeji walishazoea, king'ora kinalia, wao wanaanika nguo. Yeye, bi harusi wa mwezi mmoja, hakuambiwa na mtu. Kilipolia alitoka mbio na sufuria ya pilau mikononi, akajikuta yuko barabarani peke yake, majirani wanamkodolea macho. Mama mkwe wake, asiyeweza kutembea, alikuwa bado kitandani.

"Niliokoa wali, nikamwacha mama wa watu," alikuwa akituhadithia, akicheka mpaka machozi yanamtoka. Mimi naamini si yote yalikuwa ya kicheko. Tangu siku ile, kule mtaani kila mzee na kila mgonjwa alikuwa na mtu wake wa kumtoa, na aliyewapanga ni yeye.

Kwetu aliyekuwa mtihani ni Papa Évariste, fundi viatu kutoka Lubumbashi, miguu imepooza, chumba chake ghorofa ya tatu. Bi Mayasa alimkabidhi kwa Gaël, naye wa huko huko Lubumbashi, msusi wa nywele mwenye mabega mapana kuliko mlango wake. Gaël akagoma.

"Eish, mama, miye nasuka nywele. Miye si punda."

"Akiungua utamsuka?"

Tulicheka sana, lakini Gaël hakusema ndiyo. Miaka mitatu hakusema, na jambo hilo lilimkosesha Bi Mayasa raha kuliko goti lake bovu. Papa Évariste mwenyewe aliuliza swali moja tu.

"Na weye, mama, nani atakubeba?"

"Mimi ndiye king'ora, Papa. King'ora hakibebwi." Akaigonga sufuria ile ile ya pilau kwa mwiko, tukaziba masikio.

Asubuhi moja ya Agosti 2018, boksi la umeme chini ya ngazi likaanza kutoa moshi, na kule juu sufuria ikalia. Nilimnyakua mtoto wa Orpha, jirani yangu, kama nilivyopangiwa, nikashuka nikikohoa. Nje kila mtu alimtafuta mtu wake. Papa Évariste hayupo. Niliwaka hasira. Nikasema moyoni, Gaël, ukitokea peke yako, mtaa huu utakushinda kukaa.

Akatokea na mzee mgongoni, akimgombeza asimkabe shingo. Nusura nimbusu.

Tukawa tumetimia, kila mtu na wake, na sufuria bado inalia ndani. Kisha ikanyamaza. Tukatazamana, kwa kuwa katika mipango yote ile hakuna aliyepewa Bi Mayasa. Niliogopa sana, sioni haya kusema.

Gaël alimkalisha Papa Évariste ukingoni mwa barabara, akavua fulana, akajifunga puani, akarudi ndani bila kutumwa na mtu.

Alipotoka, Bi Mayasa alikuwa begani kwake, macho mekundu, mikono mitupu. Alikohoa muda mrefu kabla hajaweza kusema neno.

"Sufuria yangu imebaki."

"Ndiyo, mama," Gaël akasema, akimshusha taratibu. "Leo ni sufuria njo imebakia."