Jina Alilompa Ndaki

Pelagia hakuwa mtu wa kuhubiri. Wahubiri walikuwapo wa kutosha pale Litapunga, wengine na vipaza sauti vyao vinavyokoroma gulioni tangu asubuhi, na yeye aliwapita na beseni lake la karanga bila kugeuza shingo. Dini yake aliiishi tu. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kula hata akiwa kwenye kibarua shambani kwa watu, na hakuna mgonjwa wa mtaa ule aliyemaliza siku mbili kitandani kabla ya kumwona Pelagia mlangoni na chupa ya uji. Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilimchagua mwenyekiti mara tatu mfululizo. Mara zote tatu alikataa kwanza, maana ndivyo inavyotakiwa, kisha akakubali.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne. Mumewe, Gaspar, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, na binti yao Jeniffer ameolewa Kashaulili, mjini Mpanda. Kwa hiyo ile nyumba ya tofali za kuchoma alibaki nayo peke yake, mpaka Wasukuma walipohamia kiwanja cha pili.

Walifika na ng'ombe wengi na jina baya. Wenyeji walishasema kabla hata hawajashusha vyungu: hawa watatumalizia mahindi. Pelagia ndiye wa kwanza kuvuka njia kwenda kuwasalimia. Alimkuta mwanamke kijana anaitwa Kwandu, mama wa mtoto mmoja, Masalu, akipika huku amenuna kama mtu aliyeishiwa machozi. Alimwonyesha kisima chenye maji safi. Wiki iliyofuata akampelekea mbegu za maharage. Hakumwambia neno la Yesu, wala Kwandu hakuuliza. Ikapita miaka mitano hivyo, maziwa yakienda huku na karanga zikija kule, na Kwandu alipojifungua mtoto wa tatu, mvulana, Pelagia ndiye aliyemwogesha. Baba Masalu alimwita Ndaki, jina la baba yake mzazi aliyezikwa Bariadi.

Mwaka huo Kwandu alianza kukaa kizingitini Jumamosi asubuhi, jumuiya inaposali kwa Pelagia. Mwanzoni alijifanya amekuja kuazima ungo. Baadaye akaacha kujifanya. Siku moja, watu walipokwisha kuondoka, aliuliza huku akitazama pembeni, "Hivi Mama Jeniffer, mtu kama mimi naweza kuja kujifunza, au ni mpaka muwe nyie mliozaliwa humo?"

Pelagia alimjibu kwa utulivu kwamba anaweza, karibu sana. Alipoingia ndani alicheka peke yake kwa furaha hadi akakaa chini.

Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka uliofuata. Februari mvua zikachachamaa, mbu nao wakaja, na Ndaki, akiwa na miezi kumi na moja, akapandwa na homa iliyogeuka degedege. Ilikuwa saa nne asubuhi. Baba Masalu alikuwa malishoni, na mtandao wa simu umekata tangu jana yake. Kwandu alikuja mbio hadi mlangoni kwa Pelagia, akamtupia mtoto mikononi, akakimbilia barabarani kutafuta bodaboda.

Pelagia akabaki na mtoto aliyekakamaa, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni. Akamwona anakufa. Hapo likamjia lile somo ambalo katekista huwafundisha kila mwaka: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, maji na maneno vinatosha. Alichota kikombe mtungini. Jina lilihitajika, au yeye aliona linahitajika, na ulimi wake ukatoa lile lililokuwa karibu zaidi.

"Gaspar, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji yalitiririka shingoni kwa mtoto. Kwandu aliporudi na bodaboda akaona kichwa kimelowa, akauliza kwa nini.

"Nilikuwa nampoza homa," Pelagia alisema.

Neno hilo lilitoka haraka, kama lililokuwa linasubiri. Akapanda nyuma ya Kwandu, mtoto katikati, wakaenda kituo cha afya. Ndaki alitundikiwa dripu, akachomwa sindano, na siku ya tatu alikuwa anavuta masikio ya muuguzi. Kwandu alimkumbatia Pelagia mbele ya wodi nzima, akasema bila wewe ningekuwa nimezika. Mtu mwingine angelala usingizi mzuri baada ya maneno hayo. Pelagia hakulala.

Padre Erasmus alikuja kigangoni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Baada ya Misa Pelagia alimweleza yote, akitumaini, tuseme ukweli, kusifiwa kidogo. Padre alimsikiliza huku akikunja stola aliyoivua shingoni.

"Umebatiza, na ubatizo ni halali, haurudiwi," alisema. "Lakini yule ana mama. Mama alikuwa umbali gani?"

"Barabarani, Padre. Hatua kama mia mbili."

"Na aliporudi?"

Pelagia alikiri kwamba alimdanganya. Padre akamwambia kwamba jina halitaandikwa kitabuni mpaka wazazi wajue, na atakayewaambia ni yeye mwenyewe, si katekista wala si padre. Hakuwa mkali. Pelagia alitamani angekuwa mkali, maana angepata pa kujitetea.

Alimaliza siku nane akitafuta nafasi, na kila siku akaiona na kuiacha. Ya tisa alimkuta Kwandu akitikisa kibuyu cha maziwa kivulini, Ndaki amelala kwenye mkeka. Alikaa, akasema. Hakupamba. Alisema kuhusu kikombe, kuhusu maneno, kuhusu jina, na kuhusu uongo.

Kibuyu kilisimama.

"Gaspar si ndiye marehemu mzee wako?"

"Ndiye."

"Kwetu mtoto akiitwa jina la marehemu, ni wa marehemu huyo. Anachukua jina lake, anaombewa kwake. Mtoto huyu ni wa Ndaki wa Bariadi. Wewe umemchukua ukampeleka kwenu."

"Si hivyo, Mama Masalu. Kwetu jina la ubatizo ni la mtakatifu. Kuna mtakatifu anaitwa Gaspar."

"Ulipokuwa unamwaga maji, ulimfikiria mtakatifu au ulimfikiria mzee wako?"

 Pelagia alikumbuka sawasawa alichokifikiria. Alikuwa amemwona Gaspar kitandani siku yake ya mwisho, na hakuna mtakatifu yeyote aliyekuwapo.

"Mzee wangu," alisema.

Kwandu alitikisa kichwa polepole. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Pelagia. "Mimi nilikuwa nakuja mwenyewe," alisema. "Ulikuwa unaniona nakuja. Ungeniita tu, ningekimbia nirudi, ungeniambia, Kwandu, mtoto anakufa, niruhusu nimwombee kwa namna yetu. Unafikiri ningekataa?"

"Niliogopa kuchelewa."

"Sasa nakuuliza hivi, na unijibu. Kile kisima, yale maharage, uji, miaka yote hii. Ulikuwa unanipenda au ulikuwa unanivizia?"

Pelagia alisema alikuwa anampenda. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini alisikia jinsi lilivyotoka dhaifu, kwa sababu alikumbuka pia kile kicheko chake cha Januari, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika alikuwa anafurahia nini. Kwandu alimwinua mtoto mkekani, akaingia naye ndani, akarudishia mlango.

Habari hazikai. Jumamosi wanajumuiya walifika wakiwa wameshasikia, na wao waliisikia kwa upande wao. Venant, katibu, alisimama akasema Mungu amefanya makuu kwa mkono wa mwenyekiti wetu, roho moja imeokolewa, na watu wakapiga makofi. Pelagia alitazama kizingitini. Hapakuwa na mtu.

"Msipige makofi," alisema. "Nilimdanganya mama wa watu. Nikaweka jina la mume wangu kwa mtoto wa mwenzangu kama vile ni shamba lisilo na mwenyewe. Tumwombee Kwandu, na mniombee na mimi." Venant alikaa taratibu. Wakasali, lakini nyimbo hazikupanda.

Maziwa hayakuja tena. Kwandu alimsalimia wakikutana, kwa heshima zote, heshima za mtu na mgeni, na kwenda kisimani akachukua njia ya kuzunguka. Machi ilipoishia, Pelagia akiwa anapalilia karanga kando ya nyumba yake, alimwona anapita mbio barabarani na Ndaki mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Alikuwa amepita mbele ya mlango wake bila kubisha. Pelagia aliacha jembe palepale mtaroni. Hakupata bodaboda, akaenda kituo cha afya kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akisali kwa kukatakata kwa sababu pumzi haikutosha.

Alimkuta Kwandu pembeni ya kitanda, mtoto ana dripu mkononi, homa imepanda lakini hana degedege safari hii. Muuguzi alikuja na karatasi.

"Mama, dawa hizi zikachukuliwe dirishani. Bibi huyu amefika, mwachie mtoto uende."

Kwandu alimtazama Pelagia, mavumbi miguuni, kanga imelowa jasho.  Kisha akaichukua ile karatasi kwa muuguzi, akamnyooshea Pelagia.

"Nenda wewe, Mama Jeniffer. Mimi nabaki na mwanangu."

Pelagia alipanga foleni nyuma ya watu sita. Zamu yake ilipofika, kijana wa dawa aliuliza bila kuinua macho, "Mgonjwa anaitwa nani?"

"Ndaki."

"Na wewe ni nani wake?"

Siku zote alikuwa akijibu bibi yake, na hakuna aliyewahi kumbishia. "Jirani," alisema.

Alipokea dawa, akarudi wodini, akaziweka mkononi mwa Kwandu. Kisha akatoka akakaa kwenye benchi la nje, mkabala na mlango, mahali ambapo Kwandu angeweza kumwona wakati wote.