Mkate wa Kumimina na Heshima Yangu

Jamani, nimejiumbua. Nasomesha mashairi ya kale ya Kiingereza chuoni. Juzi mama mkwe wangu aliwaalika kina mama chai kwake mtaa wa Bawshar, nami nikapeleka mkate wa kumimina wa kununua, nikasema nimeupika mwenyewe. Waliponisifu, kichwa kikavimba. Nikawahubiria kwamba mashujaa wa mashairi yale walijigamba karamuni mbele ya watu, na aliyeshindwa kutimiza, heshima yake ilikwisha.

"Maneno hayo!" mkwe akafurahi. "Basi njoo jikoni utupikie mwengine, sote tunaona."

Nikakunja mikono ya baibui, nikauliza kwa sauti ya mwalimu: "Mama, unga wa ngano uko wapi?"

Kina mama wakatazamana.

"Mwanangu," mkwe akasema taratibu, "mkate wa kumimina ni wa mchele. Na hao mashujaa wako, wao walikuwa wakinunua wapi?"