Mpima Masikio Aliyekikwepa Kiti Chake

Saa moja kamili asubuhi, mfagizi hajamaliza hata korido, Bi Kimya anajifungia kwenye chumba kidogo chenye sponji kuta zote, anavaa hedifoni na kujipigia milio: mzito, wa kati, mwembamba. Ndivyo anavyoikagua mashine kila siku, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Jina hilo kapewa na wenzake wa kliniki kwa jinsi anavyowafokea wapiga soga mlangoni. “Kimya jamani! Humu watu wanatafuta sauti ndogo kuliko pumzi zenu.”

Mgonjwa wa kwanza leo ni msaga unga, kaburutwa na mkewe.

“Mimi nasikia vizuri. Huyu ndiye anayenong’ona.”

“Ninong’one mimi? Majirani wote wanajua tunachopika!”

Bi Kimya anammulika masikio kwa kitochi kuona kama yana nta, kisha anamchomeka kizibo laini kinachosukuma hewa. “Yataziba kidogo, kama gari likipanda mlima. Hayaumi.”

Halafu hedifoni na kitufe. Kiti anakigeuzia ukutani, maana wagonjwa wajanja humtazama mkono unapopiga mlio.

“Ukisikia, hata kwa mbali, bonyeza. Usibahatishe, baba. Hapa hakuna kufeli.”

Nusu saa imekwisha, pamoja na kidude kinachotetemesha mfupa wa nyuma ya sikio na maneno ya kurudia.

Lakini Bi Kimya mwenyewe amekuwa akibahatisha. Mwezi uliopita mlio mwembamba ulipotea sikio la kushoto. Akaandika daftarini: mashine mbovu. Fundi alibadilisha waya mara mbili. Mara ya tatu akavaa hedifoni mwenyewe, akasema, “Dada, mbona unalia huu?”

“Nikajua si mashine, ni sikio langu,” anasimulia. “Nikamjibu, eh, sasa nausikia. Uongo mtupu! Mpima masikio asiyesikia, nani atamweka kazini?”

Tangu siku hiyo anabonyeza kwa mazoea. Mashine anaijua, anajua mlio unakuja lini. Wenzake hawajui kitu.

Majibu ya msaga unga yametoka: kelele za kinu zimemlia milio yote myembamba. Anahitaji kifaa cha kusikia.

“Nivae kidude, wateja waseme nimekwisha? Thubutu! Wewe ungevaa?”

Bi Kimya anaweka kalamu mezani. Kisha anafungua mlango na kumwita mwenzake wa chumba cha pili.

“Njoo unipime. Na mkono wako uufiche.”

Mwenzake anacheka, kisha anaona si utani.

“Nikiambiwa nivae, nitavaa, na nywele nitabana nyuma kionekane,” Bi Kimya anasema huku akivaa hedifoni. “Kazi hii siiachi. Wakinitoa, wanitoe nikiwa nimesema kweli.”

Anakaa, uso ukutani. Msaga unga na mkewe wamesimama nje, wakichungulia kwenye kidirisha cha kioo.

Mwenzake anapiga mlio mwembamba, sikio la kushoto. Kidole cha Bi Kimya kiko juu ya kitufe. Hakibonyezi.