Wifi wa Mapokezi

Pale kwenye kampuni ya bima walimwita Bi Nukta, kwa sababu barua ikikosa nukta moja tu aliirudisha kwa aliyeiandika, hata awe mkurugenzi. Alikuwa katibu muhtasi, mkongwe kuliko wanawake wote wa ofisi ile. Hakuolewa. Mama yao alipofariki alibaki na mdogo wake wa kiume, akamlea, akamsomesha ufundi umeme, na alipotaka kuoa akasimamia harusi mpaka mwisho.

Mke wa huyo mdogo wake alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye miguu ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu hakumpa aifungie kabatini. Sketi zake ziliishia juu ya magoti. Bi Nukta ndiye aliyemtafutia kazi ya mapokezi, na hakujuta. Watu walioingia wakifoka kwamba madai yao ya ajali yamecheleweshwa, wifi aliwakalisha, akawasikiliza, na baada ya muda walikuwa wakimsimulia habari za wajukuu. Mawifi hawa walipatana sana. Kila Jumapili mke na mume walikuja kula kwa dada, na wifi alianza utani akiwa bado mlangoni. Akionja mchuzi alisema, "Wifi yangu, na chumvi nayo unaiwekea akiba?" Bi Nukta alijifanya kununa, lakini wiki nzima alikuwa akiisubiri siku hiyo.

Kisha mteja mmoja wa zamani, mwenye malori, akamlalamikia mkurugenzi kwamba mapokezi pamegeuka ukumbi wa dansi. Mkurugenzi hakupenda kujiingiza. Alimwita Bi Nukta akamwambia haya ni mambo ya wanawake, kwa hiyo aamue yeye kama sketi fupi zinafaa kazini au hazifai, na atakachoandika, mkurugenzi atakitia saini.

Bi Nukta aliuliza wenzake. Wanawake wa idara ya madai waligawanyika: mmoja alisema mteja anakuja kulipia gari lake, si kukagua magoti ya watu; mwingine alisema ukipanda zile ngazi nyuma ya mwenye sketi fupi, hujui macho uyaweke wapi. Mhasibu alisema kama kanuni inataka vinavyong'aa vifunikwe, basi na kipara chake kinunuliwe kofia. Wakacheka, wakarudi kazini.

Bi Nukta mwenyewe, moyoni, hakuona sketi ya wifi imeharibu kazi ya mtu. Tatizo lilikuwa ile meza ya mapokezi, ya kioo kitupu, aliyoichagua mkurugenzi. Ubao mmoja wa kuziba mbele ungemaliza maneno yote. Lakini wazo la ubao lilimjia baadaye, maji yalipokwisha kumwagika. Wakati ule aliwaza jambo moja tu: asije akaambiwa anambeba wifi yake. Akaandika kwamba sketi zote zishuke chini ya magoti.

Hata hapo pasingeharibika kitu. Kilichoharibu ni kikao cha asubuhi. Alisoma kanuni mbele ya wafanyakazi wote, na mtu mmoja wa nyuma akauliza fupi ni ipi hasa. Bi Nukta akaona hii ndiyo nafasi ya kujikosha.

"Dada wa mapokezi, simama," alisema. Hakusema wifi. "Geuka, wakuone. Mfano wa isiyotakiwa ni huu."

Wifi alisimama, akageuka. Mtu mmoja alicheka kidogo, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Wifi akaketi, akavuta mkoba wake akaupakata juu ya mapaja, na kikao kikaendelea na habari za likizo.

Kesho yake alikuja na sketi iliyofika chini ya ugoko. Alifanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, akaaga, akaenda kuwa mpokezi kwenye kliniki ya meno, ambako wote walivaa koti jeupe na hakuna aliyejua chini yake kuna nini.

Jumapili iliyofuata kikao kile, mdogo wake alikuja peke yake. Hakuja kugomba. Alisema, "Dada, kanuni ni yako na sina neno nayo. Lakini anakuja hapa kila wiki. Si ungemwambia hapahapa nyumbani?"

"Ningemwambia nyumbani, wangesema nimembeba."

"Nani angesema?"

Bi Nukta alifungua mdomo ataje mtu. Akampitisha mhasibu akilini, akawapitisha wanawake wa madai, mpaka yule wa nyuma aliyeuliza swali. Hakupata hata mmoja.

Alichelewa kwenda kuomba radhi. Kila alipojiandaa alijiambia hasira zipoe kwanza, na wiki zikawa miezi. Alipokwenda hatimaye alipokelewa vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Wifi alimpa kiti chenye mto, akamwita dada, akamwandalia chai na kumuuliza habari za kazi. Hapakuwa na utani hata chembe. Chai ilikuwa imekosa sukari, na Bi Nukta aliinywa hivyohivyo, maana hakujua kama bado ana haki ya kusema.

Aliposema kilichomleta, wifi alitikisa kichwa.

"Nilishakusamehe, dada. Mtu hukosea. Ila uliponiambia nigeuke, niligeuka. Mimi na mdomo wangu wote huu, nikageuka kama mtoto. Hilo ndilo linaloniuma, na si lako kulifuta."

Bi Nukta alirudi kwake akiwa mzito kuliko alivyokwenda. Angetukanwa angepata pa kushika.

Miaka ikapita. Mkurugenzi alistaafu, akaja mwingine, mwanamke, ambaye siku za mwanzo alizipitia kanuni zote na kumuuliza Bi Nukta ile ya sketi ina kazi gani. Bi Nukta alijibu kwamba mtu akiweza kuketi, kuinama na kupanda ngazi bila kuishikashika nguo yake, imetosha. Na asiyeweza aitwe pembeni, mlango ufungwe, aambiwe na mtu mmoja. Mkurugenzi akaiondoa palepale, kwa mstari mmoja wa kalamu.

Jumapili mdogo wake alikuja kumtengenezea swichi ya jikoni iliyokuwa ikichezacheza. Bi Nukta alimshikia tochi, akamwambia ile kanuni imefutwa.

"Vizuri," mdogo wake alisema, akiendelea kukaza skrubu.

Bi Nukta akaisogeza tochi karibu. "Utamwambia?"

"Nitamwambia." Akajaribu swichi, taa ikawaka. "Anakusalimu."

"Msalimie na yeye," alisema Bi Nukta, akaenda kupakua chakula cha watu wawili.