Bunduki ya Bisimwa na Sombe ya Kyakimwa

Bisimwa aliipenda bunduki yake kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ilikuwa ya kuwindia, na kibali alikuwa nacho. Alifundishwa kuwinda na mzungu mmoja aliyefanya naye kazi kwenye ghala kule Smithfield, ugenini walikopokewa kama wakimbizi. Kabla korona haijafungia watu ndani, alikuwa akivuka milima mwisho wa wiki, na akirudi na kulungu huwagawia nyama Wakongo wenzake wa kanisani, nao humsifu mpaka kichwa kinamvimba. Mkewe Kyakimwa nyama aliila. Bunduki hakutaka hata kuitazama. Watu waliomkimbiza kutoka mji wa Beni, kwao Kongo, walikuja wamezishika, na haikumwingia akilini kwamba mtu azunguke nusu ya dunia akizikimbia, kisha anunue moja aiweke gerejini.

Wakavumiliana hivyo kwa miaka. Agosti ya 2021, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi Kyakimwa kukapatikana mgonjwa wa korona, na familia nzima ikaamriwa isitoke nje. Wanajeshi wakaja pamoja na polisi kuhakikisha wamo ndani. Walikuwa vijana wapole, mikono mitupu, barakoa usoni. Lakini magwanda ni magwanda. Kyakimwa alijifungia bafuni, hakutoka mpaka walipoondoka.

Akamwita mumewe kwa jina la binti yao: "Papa Divine, ile bunduki itoke mu hii nyumba. Sikuombi kingine."

"Itatoka," akasema Bisimwa.

Ahadi ni deni, naye alilijua hilo. Simu moja tu ingetosha, polisi wangekuja kuichukua. Akajipa kisingizio: unyevu umevimbisha mbao ya kitako, chuma kinacheza, risasi zinakwenda upande, nani atainunua? Acha aitengeneze kwanza. Ukweli ni kwamba hakutaka kuachana nayo, basi.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mwenye subira. Unafungua skrubu, unatenganisha chuma na mbao, unakwangua mbao pale chuma kinapokaa, unapaka gundi nzito iliyochanganywa na nyuzi za kioo, kisha unakilaza chuma juu yake. Gundi ikikauka inashika umbo la chuma sawasawa, na bunduki haitikisiki tena. Sharti ni moja: chuma kipakwe nta kila mahali kabla hakijaigusa gundi. Ukisahau, mbao na chuma vinakuwa kitu kimoja, na hakuna wa kuvitenganisha.

Kabla Bisimwa hajaanza, Kyakimwa alishikwa na kikohozi, kisha homa, kisha ambulensi ikamchukua. Bisimwa na binti yao Divine hawakuruhusiwa kumfuata. Bisimwa akaingia gerejini, maana kukaa bure kulikuwa kunamtia wazimu, na akaapa kwamba mkewe akirudi hataikuta. Alikuwa ameshapaka nta upande mmoja, na gundi imechanganywa tayari, Divine alipokuja mbio na simu. Kule hospitalini muuguzi alikuwa amemshikia Kyakimwa simu yake. Madaktari walitaka kumlaza usingizi wamwekee mashine ya kupumulia. Ana dakika moja tu.

"Papa Divine," akasema Kyakimwa, pumzi zikimkatika, "ile bunduki, ulishaitoa?"

Bisimwa alikuwa na gundi vidoleni. Divine amesimama kando yake.

"Nilishaitoa, Mama Divine. Tuliza roho. Urudi nyumbani."

"Asante," akasema, na tabasamu likasikika kweli kwenye sauti yake.

Bisimwa akarudi gerejini machozi yamemziba macho, na mikono ikamaliza yenyewe ilichoanza. Akakilaza chuma kwenye gundi. Upande wa pili haukuwa na nta.

Kyakimwa hakuamka. Alizikwa na watu wachache, wengine wakatazama kwenye simu. Matanga hayakuwepo, hakuna aliyekuja kulala kwao wala kuwaimbia. Wale waliozoea kugawiwa nyama na Bisimwa walituma sauti za rambirambi kwa WhatsApp. Hata hapo Bisimwa angeweza kuwaita polisi waichukue bunduki kama ilivyo. Akasema aitengue kwanza. Alifungua skrubu, akagonga kwa nyundo ya mpira, akagonga tena, chuma kikakataa. Yule mzungu wa kazini akamshauri kwa simu: chuma husinyaa kwenye baridi, jaribu friza. Bisimwa akaitia ndani, akaisukuma katikati ya mikebe ya aiskrimu ambayo Kyakimwa aliijaza sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, aliyoipika kabla hajaugua.

Divine aliikuta asubuhi, alipofungua friza kutafuta chakula. Hakupiga kelele.

"Papa, you told Mama it was gone."

Ni kweli, Bisimwa alimwambia mkewe kwamba bunduki imeshatoka, na bintiye alikuwa kando yake akisikia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imemfikisha mahali ambapo aliyedanganywa hayupo tena wa kuombwa msamaha.

Divine akakataa chakula cha mama yake kikae na kitu kile; akatoa mikebe yote, akaipanga kwenye sinki. "Mama's food is not staying in there with that thing."

Sombe ikayeyuka, ikabidi iliwe. Jirani haruhusiwi kuja, na kuitupa hawakuweza. Wakaila wawili tu, asubuhi na jioni, na bunduki ikabaki kwenye friza, imeng'ang'aniana vilevile. Jumapili Divine alikwangua sufuria, akamwekea baba yake kijiko cha mwisho kwenye sahani. Bisimwa alikitazama mpaka kikapoa, kisha akakila, na mapishi ya Kyakimwa yakawa yamekwisha.